Mnaniuliza Miguu, Nawajibu Kifua

Mwezi uliopita, nikimjibu msomaji aliyetaka kujua namna ya kukata kanzu ya mtoto, nilidokeza kwamba nashona kwa cherehani ya mota nikiwa kwenye kiti cha magurudumu na kwamba vidole vyangu hutetemeka. Basi kanzu ikasahaulika. Karibu jumbe zote zilizoingia kwenye simu yangu tangu siku hiyo zinauliza habari ya maradhi. Wenye maswali ya mishono mnisamehe, mwezi huu zamu si yenu.

Kwa wasiojua: nina miaka 43, nimezaliwa Ujiji na naishi Ujiji, na nina SMA (spinal muscular atrophy) aina ya tatu, ile ya wanaowahi kutembea. Ni ugonjwa wa kurithi ambao seli za neva zilizo ndani ya uti wa mgongo, zile zinazoiamrisha misuli, hufa kidogo kidogo. Msuli usioamrishwa husinyaa. Akili haiguswi. Hisia haziguswi pia: ukinikanyaga naumia kama wewe. Mimi si daktari. Ninayoyaandika nimeyapata kwa kuishi nayo na kwa kuwauliza madaktari mpaka wakanichoka.

*

SWALI: Da Zainabu, shikamoo. Niko Isevya, Tabora. Binti yangu ana miaka 8. Alitembea akiwa na miezi 14, vizuri tu, lakini kabla hajatimiza miaka 3 akaanza kuanguka anguka. Mpaka leo akitaka kuinuka kutoka chini hushika magoti, kisha mapaja, ndipo asimame. Tulizunguka sana. Mwaka huu damu yake ikapelekwa kupimwa vinasaba, jibu likarudi kuwa ni SMA aina ya tatu. Daktari alieleza mengi, mimi nilisikia neno moja tu, kwamba haiponi. Naomba uniambie, atatembea mpaka lini? Ana mdogo wake wa miezi 4. Na baba yao anasema kwao ugonjwa huu haupo, umetoka kwetu.

JIBU: Marahaba, mama. Hilo la kujishika mapaja nalijua. Watoto wa madrasa walikuwa wakiniita Ngazi, kwa sababu nilikuwa najipanda mwenyewe.

Nianze na baba, maana yeye jibu lake ni fupi: umetoka kwenu na umetoka kwao. Kuna jeni, yaani kinasaba, inayoitwa SMN1. Kwa kawaida mtu hupata mbili, moja ya mama na moja ya baba, na moja nzima inatosha kabisa mtu kuishi hadi uzee asijue kwamba ya pili ni mbovu. Mtoto huugua akipokea mbovu kutoka pande zote mbili. Ndiyo maana unaweza kupekua ukoo mzima usimwone mgonjwa hata mmoja, kisha nyumba moja ikatoa wawili. Kwetu tulizaliwa 6, tukaugua 2. Bibi mzaa baba aliyasema hayo hayo ya mumeo, mama yangu akayameza miaka mingi, na alikufa kabla majibu ya damu yangu hayajarudi. Msomee mumeo hapa.

Kila mimba yenu ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto mgonjwa, na hesabu huanza upya kila mimba. Asikudanganye mtu kwamba kwa kuwa mmoja ameshapata, watatu wanaofuata wamesalimika. Mama aliambiwa hivyo na jirani.

Sasa mdogo wake, na hapa naomba uache kusoma uandike tarehe ya kwenda hospitali. Usingoje uone kama atatembea. Apimwe sasa, kipimo kile kile cha damu. Sababu ni kwamba dawa zipo, tena tatu. Ya kwanza, nusinersen, ilikubaliwa Marekani Desemba 2016. Huchomwa mgongoni, na baada ya dozi za mwanzo hurudiwa kila miezi minne. Ya pili, onasemnogene, ya mwaka 2019, huwekwa kwenye mshipa mara moja tu maishani, nayo kule ilianza kwa watoto walio chini ya miaka 2. Ya tatu, risdiplam, ya mwaka 2020, ni ya kunywa kila siku. Zote huzuia hasara kuliko zinavyorudisha kilichopotea. Neva iliyokufa imekufa. Kwa hiyo mtoto anayeanzishiwa kabla dalili hazijatoka ndiye anayefaidi kuliko wote.

Bei nitakutajia ingawa inaudhi: hiyo ya mara moja ilitoka ikiuzwa zaidi ya dola milioni 2 za Kimarekani. Sijakutana na mtu wa Kigoma anayetumia hata moja kati ya hizo tatu. Lakini kuna familia duniani zimepata dawa kupitia mipango ya msaada ya watengenezaji, na mlango wa mipango hiyo ni jibu la vinasaba lililoandikwa. Asiye na karatasi hana hata pa kuombea. Muulize daktari wa neva wa watoto kwenye hospitali ya rufaa, wala usiridhike kuulizia zahanati.

Haya, tutembee. Mwaka 1997 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa 569 wa Ujerumani na Poland, wa aina ya pili na ya tatu, wakati dawa hizi hazijakuwepo. Kwa wale wa aina ya tatu ambao dalili zilianza kabla ya miaka 3, kama binti yako na kama mimi, 7 hivi katika kila 10 walikuwa wanatembea bado miaka 10 baada ya dalili kuanza. Ilipotimia miaka 40 walibaki 2 hivi katika 10. Walioanza baada ya miaka 3 hali yao ilikuwa nzuri mno: miaka 10 baadaye karibu wote walitembea, na miaka 40 baadaye zaidi ya nusu. Nimekuandikia kwa sababu umeuliza na wewe ni mtu mzima. Ila hizo ni hesabu za watu wengi kwa pamoja, na binti yako ni mmoja.

Kitu ambacho hesabu haikuambii ni jinsi kupungua kwenyewe kunavyokwenda. Watu hudhani ni mteremko mmoja wa kuelekea chini. Kwangu haukuwa hivyo. Tangu miaka 5 mpaka 10 sikubadilika sana. Nilianguka, niliinuka, nilikwenda shule. Halafu ikaja miaka ya kurefuka, 11 mpaka 15, na hapo ndipo nilipoporomoka. Mifupa ilirefuka, uzito ukapanda, misuli ikabaki ile ile. Nikiwa na miaka 12 nilishindwa ngazi za shule. Nikiwa na 14 nilikuwa nashika kuta. Nikiwa na 16 kaka yangu alinibeba mgongoni kwenda kuangalia mashua za dagaa zikirudi alfajiri, na baada ya siku hiyo sikwenda tena ziwani kwa miguu yangu. Nikiwa na 19 nilisimama mara ya mwisho. Sikujua kuwa ni ya mwisho.

Baada ya hapo, mama, kulitulia. Miaka na miaka. Najipima kwa cherehani: nilianza na ya miguu, nikahamia ya kuzungusha kwa mkono, sasa natumia ya mota. Ya mkono niliitumia miaka 11 kabla ya kuhamia ya mota. Katika miaka hiyo kilichoondoka ni vitu vidogo: pasi ya mkaa nilishindwa kuinyanyua nikiwa na 33, kusuka nywele zangu mwenyewe nikiwa na 36, na kutunga uzi kwenye sindano sasa ananitungia mpwa wangu, anatunga sindano 20 asubuhi kabla ya shule. Nilikuwa nimeolewa na kupata kazi na kugombana na wateja kama fundi yeyote.

Kwa hiyo jiandae na miaka kati ya 10 na 15. Usingoje aporomoke ndipo utafute kiti. Tafuta kiti akiwa bado anatembea, akitumie kwa masafa marefu, nguvu zake azitumie nyumbani na kwenye kucheza. Wazazi wengi hukikataa kiti kwa kuona ni kukubali kushindwa. Wangu walikikataa. Nilivunjika paja nikiwa na 15 kwa kuanguka, na wiki nilizolala kwenye plasta zilininyang'anya nguvu ambazo hazikurudi. Na asinenepe. Akikaa zaidi, apunguziwe ugali, asipunguziwe dagaa.

Baridi ya Tabora ya Juni na Julai itamchelewesha vidole na miguu asubuhi. Huo si ugonjwa kuongezeka. Mpe maji ya moto aoshe mikono, mvalishe soksi, muda upite.

Nimejibu miguu kwa sababu ndiyo uliyouliza. Ungeniuliza mimi, ningesema uangalie mgongo na kifua.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na ugonjwa huu huu, mkali kuliko wangu. Alikaa, alisimama kwa kushikilia meza, hatua hakuwahi. Hiyo ndiyo aina ya pili. Hospitali moja ilituambia ni polio, wote wawili, na tukaishi na polio yetu miaka mingi bila kujua kwamba polio haizidi kuwala watoto wawili wa nyumba moja kila wanaporefuka. Kila aliyekuja kumwona alimkanda miguu. Miguu! Mgongo wake ulikuwa unapinda kama upinde tangu akiwa na miaka 6, mbavu za upande mmoja zinamminya pafu, na hakuna aliyemvua shati akamtazama kwa nyuma. Akiwa na miaka 13 alikuwa akiamka na kichwa kinamuuma na kusinzia mchana kutwa. Tulimwita mvivu. Leo najua kwamba usiku alikuwa hapumui vya kutosha, hewa chafu ikimjaa. Alikufa akiwa na miaka 15, kwa mafua yaliyoshuka kifuani, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukohoa makohozi yatoke. Katika uchunguzi ule wa 1997, wa aina ya pili karibu 7 katika 10 walikuwa hai wakiwa na miaka 25. Yeye angeweza kuwa mmoja wao.

Binti yako wa aina ya tatu kifua chake huenda kikawa imara miaka mingi. Mgongo ndio wa kuuchunga, hasa siku atakapoacha kutembea, maana hapo ndipo kupinda hukimbia. Mvue shati kila mwezi, mwinamishe mbele, tazama kama upande mmoja umeinuka. Ukiona, usifurahie mkanda wa kushikilia mgongo ukadhani umemaliza: unamsaidia kukaa vizuri, lakini hauzuii kupinda. Kuna watoto hufanyiwa upasuaji wa kuwekewa vyuma, na uamuzi huo una wakati wake, mapafu yakiwa bado yana nguvu. Na siku atakapofanyiwa upasuaji wowote, hata wa jino, mwambie anayetoa dawa ya usingizi kabla hujamwambia jina la mtoto kwamba ana SMA, na kwamba ile dawa ya kulegeza misuli iitwayo suksamethoniamu haimfai.

Akipata mafua, mfundishwe na mtaalamu wa fiziotherapia kumsaidia kukohoa: anavuta pumzi, anaibana, anaongeza nyingine juu yake, ya tatu, kisha akikohoa wewe unasukuma chini ya mbavu kuelekea juu. Ukifundishwa mara moja hutasahau. Chanjo zote za kliniki, hasa ya nimonia, asikose. Na magoti, nyonga na vifundo vyake vinyoshwe kila siku, polepole, wakati wa kuoga ndio mzuri. Magoti yangu hayanyooki. Yalikaza katika miaka miwili ambayo hakuna aliyeona haja ya kuyanyosha kwa kuwa "hatembei tena".

*

SWALI: Assalaam alaykum dada. Mimi ni kijana wa miaka 19, naishi hapa hapa Ujiji, SMA aina ya pili, sijawahi kutembea. Ramadhani iliyopita nilifunga siku 4, ya tano nikazimia kabla ya magharibi. Baba anasema nisifunge, mimi naona aibu kula nyumba nzima wamefunga. Nitazoea?

JIBU: Wa alaykum salaam, mdogo wangu. Hutazoea. Baba yako yuko sahihi, na nakwambia hivi mimi niliyewahi kujificha jikoni na kipande cha muhogo kama mwizi.

Mwenzako akifunga, mwili wake huchota akiba, na sehemu ya akiba hiyo iko kwenye misuli. Wewe misuli umeinyimwa. Saa chache tu sukari ya damu inashuka, mwili unaanza kuunguza visivyofaa, damu inachachuka, na ile misuli kidogo uliyonayo inaliwa. Watu kama sisi hatutakiwi kukaa na njaa muda mrefu, hata usiku: kula kitu kabla ya kulala. Ukiwa na homa au unatapika na chakula hakikai, hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo, uwekewe dripu yenye sukari. Vivyo hivyo ukiambiwa ukae bila kula kwa ajili ya upasuaji, waulize dripu.

Aibu ya nini? Aya ya 184 ya Suratul Baqara inamtaja mgonjwa, na asiyetarajia kupona hulisha maskini kwa kila siku. Nenda kwa shehe wa msikiti wenu akupangie. Mimi fidia yangu huilipa kwa dagaa na unga, tena kwa jirani ninayemjua kwa jina. Futari kaa nao wote mkekani.

*

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari Kasulu. Nina mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye ugonjwa uliouandika. Darasani ni wa kwanza kwa kujibu kwa mdomo, lakini mitihani hamalizi, na mwandiko wake siku hizi hausomeki. Walimu wenzangu wanasema ameanza kuwa mzembe.

JIBU: Mwalimu, mpe karatasi asubuhi na karatasi nyingine saa nane, halafu ulinganishe mwandiko. Utajibiwa. Vidole vyetu hutetemeka kidogo kidogo, na mkono huchoka kama tochi inayoisha betri: unaanza vizuri, unafifia. Akipumzika unarudi. Meza iinuliwe mpaka ikutane na viwiko vyake, kalamu iwe nyepesi inayoteleza, na asinakili ubaoni kitu ambacho anaweza kukipata kwa daftari la mwenzake. Barua ya kumwombea muda wa nyongeza kwenye mtihani wa taifa iandikwe mapema, pamoja na cheti cha daktari, msingoje kidato cha nne kiingie. Na akisema amechoka, muamini. Wale wenzako wafungwe mifuko ya mchanga, kilo tano kila mkono, wasahihishe madaftari 40.

*

SWALI: Kuna mtaalamu Uvinza ana dawa ya mizizi ya kurudisha misuli, anataka laki nne na mbuzi. Nimpe?

JIBU: Mbuzi mle.

*

SWALI: Dada, mimi nina SMA kama wewe, nina miaka 24, nashona. Cherehani yangu ya mkono imeanza kunishinda bega. Umesema unatumia ya mota, lakini mota zote nilizoona zina pedali ya kukanyaga chini. Unakanyagaje?

JIBU: Hatimaye mtu wa cherehani! Sikanyagi. Pedali niliiweka juu ya meza, kushoto kwangu, nabonyeza kwa kiwiko, uzito wa mkono wenyewe unatosha. Mwanzoni ilikuwa inanikimbia, nikapiga misumari miwili kwenye ubao na kuifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Spring'i yake ikiwa ngumu, mwambie fundi redio ailegeze. Kitambaa kizito kama jinzi kitandaze upande wa kulia kwenye meza nyingine ya kimo kile kile, kisining'inie, maana kinachokuchosha bega ni kukivuta kuliko kukishona. Na usinunue mota kubwa. Ile ndogo kabisa inatosha kanzu, sare za shule na madera. Mimi yangu inaingia mwaka wa sita.